Herufi Kubwa Haisikiki Redioni

Ukiwa na hasira na mtu pale Rusimbi, mtaa wa juu wa mji wetu, usimtukane wala usimrushie jiwe. Mfungie mlango. Mwache asimame uani na kuku, wapita njia wamwone, akichoka ataondoka mwenyewe. Hivyo ndivyo Mama Astérie alivyomfanyia binti yake Kaneza, na alikuwa ameingia mwaka wa saba bila kulegeza hata kidogo pale mambo ya papa yalipozuka. Wasimulizi wengi wa mji huu hupenda kuanzia kwenye papa ili wachekeshe upesi. Waende zao na kicheko chao. Kisa hiki kinaanzia mlangoni, na asiyeujua mlango huo hajui kitu.

Kaneza alizaliwa Burundi mwaka ule mbaya wa tisini na tatu. Hakuwa amemaliza hata juma moja duniani, mama yake alipomfunga kifuani na kuingia naye kwenye boti iliyojaa watu wanaokimbia. Katikati ya ziwa mtoto akageuka rangi, akaacha kulia. Padri hakuwepo. Mama Astérie alichota maji ya Tanganyika kwa kiganja, akammwagia kichwani na kumbatiza mwenyewe kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu, maana Kanisa linaruhusu hilo mtu anapokuwa mahututi. Mtoto akapiga chafya. Alipokanyaga mchanga wa Ujiji yule mama hakuwa na kingine ila chafya hiyo. Mume alibaki kule, nyumba ilibaki kule, na mambo ya miezi ile ya mwanzo hapa Ujiji hakuwahi kumsimulia mtu, hata bintiye. Ukimuuliza alikuwa anasema, "Tulikula, tukalala, tukaamka."

Haya, mtoto akakua, akaolewa na Elikana, fundi wa injini za boti pale Kibirizi, mtu mwema sana lakini mlokole. Kanisani kwao wakasema ubatizo wa kumwagiwa maji hauhesabiki, lazima mtu azame mzima. Kaneza akazamishwa, tena ziwani humo humo. Alipokwenda kumwambia mama yake, Mama Astérie aliuliza swali moja tu: "Maji yangu yalikuwa na kasoro gani?" Kaneza akasimama pale akitafuta jibu, jibu lisije. Mlango ukafungwa.

Tangu hapo kila akienda alisimama uani na kusema shikamoo. Kutoka ndani alijibiwa marahaba, kwa kuwa kumnyima mtoto marahaba ni sawa na kumlaani, na Mama Astérie hakutaka laana. Baada ya hiyo marahaba, kimya. Kaneza alikuwa anaacha mfuko wa mchele kizingitini na kurudi Kibirizi akilia bila kuficha, na wauza dagaa njiani walikuwa wameshamzoea.

Kilichobaki kati yao kilikuwa redio. Kaneza alikuwa mtangazaji wa kituo kidogo cha Ujiji, kilichokuwa juu ya duka, mali ya Mzee Hamdani ambaye pia aliuza magodoro soko la Mwanga. Kila asubuhi alisoma vifo, matangazo ya misikiti na makanisa, mbuzi waliopotea na waliopatikana, kisha kipindi chake mwenyewe kiitwacho Dunia Kabla Yetu. Alikuwa anamalizia kwa salamu ya Kirundi ya kutakiana amani: "Mugire amahoro, mama yangu na mama zenu." Jirani wa Rusimbi, Diana, ndiye aliyempa siri. "Mama yako anaiweka redio dirishani, anakaa. Ukimaliza tu anazima. Hata padri akihubiri hapati heshima hiyo." Kaneza akajua kwamba ile maikrofoni ndiyo mlango pekee uliobaki wazi. Akiipoteza, amempoteza mama.

Sasa ndipo tufike kwenye papa.

Jumatano ya juma hilo alikuwa amezungumzia dinosaria, wale waliochimbuliwa mifupa yao Tendaguru kule Lindi, wenye shingo ndefu kupita mnazi. Mji ulichangamka. Mzee mmoja wa Ujiji alipiga simu kuuliza kama nyama yao ingekuwa halali. Kaneza akaahidi kwamba Ijumaa atamleta kiumbe aliyekuwepo kabla ya dinosaria na bado yuko hai mpaka leo.

Ijumaa ikafika. Akasoma vifo. Akasoma tangazo la parokia moja, waumini waje Jumapili kumwombea Papa. Akanywa maji, akaanza kipindi: "Leo tunatoka ziwani kwetu, tunakwenda mbali, kwenye bahari ya chumvi, tukamtazame samaki aitwaye papa." Lakini alipofungua mdomo tu, umeme ulikuwa umekatika kilimani kwenye mnara, na maneno hayo hayakutoka nje ya studio. Studio ina betri yake, taa haikutikisika, kwa hiyo Kaneza aliendelea kuongea peke yake na ukuta. Umeme uliporudi mnarani, mji mzima ulisikia hivi:

"Papa ni mkongwe, wasikilizaji. Dinosaria wa kwanza walitokea yapata miaka milioni mia mbili na thelathini iliyopita, lakini Papa yupo tangu zaidi ya milioni mia nne. Alikuwepo kabla hata ya miti! Dinosaria walikuja wakamkuta, wakatamba, wakafa, wakamwacha. Maangamizi makubwa yamepita duniani mara kadhaa, Papa akayapita yote. Na msishangae, Papa hana mfupa hata mmoja mwilini. Ni gegedu tupu, kama hili la sikio lako. Meno yakimtoka yanaota mengine, maisha yake yote. Ndiyo maana akifa mara nyingi huacha meno tu."

Mtu wa Ujiji mwenye ndugu pwani angeelewa, maana papa mkavu humfikia na treni, na harufu yake anaijua. Lakini huko juu Rusimbi, kwenye nyumba za Kiha na Kirundi, papa wa kuogelea ni nani? Ziwani kuna sangala, kuna kuhe, kuna migebuka na dagaa. Papa wao ni mmoja, yuko Roma. Ukimwandika huyo unamwekea herufi kubwa, lakini herufi kubwa haisikiki redioni. Na Kiswahili chetu nacho hakina huruma, kinasema papa anakula, Papa anakula, kanuni ile ile kwa samaki na kwa Baba Mtakatifu.

Simu zilianza kabla hajavua vifaa vya masikioni. Mzee Hamdani alipanda ngazi akihema.

"Binti, umesema Papa hana mfupa?"

"Hana, bosi. Si wewe mwenyewe unamla kila Ramadhani?"

Hamdani alielewa, akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akasikia sauti barabarani, akachungulia dirishani, kicheko kikamkauka. Katekista Gervasi wa Rusimbi alikuwa anaegemeza baiskeli yake ukutani, na nyuma yake wanaume watatu wa parokia, nyuso zimekunjwa.

Gervasi hakuwa mtu mbaya, nalisema mapema. Alikuwa mtu aliyechoka kuona waumini wake wakihamia kwa walokole mmoja mmoja, na sasa alikuwa amesikia anachodhani ni dharau ya waziwazi. "Mlokole anamkejeli Papa," alisema bila kukaa, "siku anayotangaziwa maombi, tena kwenye redio ya Mwislamu. Mzee Hamdani, unaona hili linakoelekea?"

"Ni samaki, Katekista," Kaneza alisema. "Papa ni samaki wa baharini."

"Samaki asiye na mfupa! Mimi nimezaliwa hapa ziwani, binti. Kumbe si kumtukana tu, sasa unamwita Papa samaki?"

Kadiri Kaneza alivyoeleza ndivyo mambo yalivyozidi kuwa mabaya. Mmoja wa wale watatu alisema vijana wa huko juu wamepandwa na hasira, wanaweza kuja wenyewe. Hamdani akawa anapangusa jasho. Mji wake ulikuwa umekaa kwa amani miaka na miaka, msikiti na kanisa wakizikana, na hakutaka cheche itoke kwake.

"Jumapili baada ya misa jumuiya yetu inasali," Gervasi alisema. "Aje mwenyewe, ajieleze mbele ya watu. Tukiridhika yamekwisha."

"Atakuja," alisema Hamdani. Kisha akamgeukia Kaneza kwa sauti ya chini. "Wakiridhika, Jumatatu unasoma. Wasiporidhika sitakuweka hewani tena, binti. Nisamehe, lakini siwezi."

"Jumuiya inakutana kwa nani juma hili?" Kaneza aliuliza, maana jumuiya husali nyumba kwa nyumba, kwa zamu.

"Kwa mama yako," alijibu Gervasi.

Lo! Usiku ule hakula. Elikana alijaribu kumtuliza, akamwambia aseme tu amekosea, aombe radhi, yaishe. "Nikisema nimekosea," Kaneza alimjibu, "nimekubali kwamba nilimtukana Papa. Na mama atakuwa anasikiliza." Jumamosi alikwenda soko la Mwanga, akasikia huko kwamba umeme wa mnara ulikatika mwanzoni mwa kipindi, akanunua kipande cha papa mkavu chenye ngozi yake, akakifunga kwa gazeti na mifuko miwili, akakitia kwenye mkoba. Wasipoamini maneno, wataamini pua.

Akiwa bado anafunga zipu, Diana akaingia mbio, kitambaa kimemwanguka mabegani.

"Kaneza, mama yako anakuita! Kesho uwahi, ule kwake kabla watu hawajafika."

"Ndani?"

"Ndani! Tangu jana anazunguka nyumba kwa nyumba. Anasema mwanawe amerudi Kanisani. Anasema ulimsifu Papa redioni, kwamba ni mkongwe, ameshinda maangamizi yote na bado yupo, na kwamba wanaosema ni tusi wana masikio mabovu. Hajawahi kuwa na furaha hivi, dada. Ameoga, amesuka."

Diana alipoondoka, Kaneza alikaa kwenye kigoda akiuangalia ule mkoba kama una nyoka ndani. Hapo kabla alikuwa na jambo moja tu la kuogopa. Sasa ukombozi wake wenyewe ulikuwa unanuka chumvi ndani ya mkoba, na akiutoa mbele ya watu, utamfanya mama yake mwongo nyumbani kwake mwenyewe. Akiacha kuutoa, ndoto ya mama itasimama juu ya uongo.

Jumapili mlango ulikuwa wazi. Kaneza alisimama uani kwa mazoea, akasema, "Shikamoo, mama," akasubiri.

"Marahaba. Unasubiri nini huko, mwana wanje, mwanangu? Pita!"

Akapita. Nyumba ilikuwa ndogo kuliko alivyoikumbuka. Picha ya Bikira Maria iko pale pale, redio iko dirishani. Mama Astérie alikuwa amepika migebuka kwa mawese na ugali wa muhogo, akampakulia mlima. "Kura, mwanangu, kura," alisema, maana r na l hajawahi kuzipatanisha na sasa hataki hata kujaribu. Kaneza alikula. Mara mbili alifungua mdomo aseme, na mara zote mbili mama alimwongezea mboga.

Chumba kilikuwa na joto, na joto halina siri. Harufu ilianza kutoka kwenye mkoba, kidogo kidogo, ile harufu kali ya chumvi na ya kitu kilicholala sana. Mama Astérie aliacha kutafuna. Akainua pua. Akautazama mkoba, akamtazama bintiye. Aliinuka, akaubeba mkoba, akautundika kwenye msumari karibu na dirisha, akarudi kula.

"Mama, kuna jambo nataka..."

"Watu wanakuja," alisema Mama Astérie. "Futa mikono."

Walijaa mpaka mlangoni, wengine wakabaki uani. Gervasi aliingia wa mwisho. "Tumsifu Yesu Kristo!" Nyumba nzima ikaitikia, "Milele, amina!" na macho yote yakaenda kwenye mdomo wa Kaneza kuona kama umetikisika. Ulitikisika, jamani, aliitikia maneno hayo tangu utotoni, lakini hakuna aliyejua kama ni kuitikia au ni kutetemeka.

Wakasali. Kisha Gervasi akasimama na kueleza kosa kwa mpangilio, bila kupiga kelele, na kwa kuwa hakupiga kelele ilitisha zaidi. Aliyarudia maneno ya redio moja baada ya jingine. Hana mfupa. Meno yanamtoka. Akifa anaacha meno tu. Kila neno lilipotua, watu waliguna.

"Ngoja," alisema Mama Astérie kutoka mkekani. "Amesema Papa ni mkongwe. Ni tusi hilo?"

"Si tusi," Gervasi alikubali.

"Amesema wakubwa wote wenye mifupa yao walitamba wakafa, Papa akabaki. Ni tusi hilo?"

"Si tusi. Lakini mfupa, Mama Astérie! Amesema hana mfupa hata mmoja!"

"Na ulimi wako, Gervasi, una mfupa? Mbona ndio unaotusumbua hapa tangu Ijumaa!"

Wanawake waliangua kicheko, na hata wanaume wawili watatu wakainamisha vichwa. Ulimi hauna mfupa, nani asiyejua? Gervasi alingoja kitulie. Hakuwa mjinga.

"Sawa," alisema. "Wewe unasema alisifu. Mimi nasema alitukana. Basi mwenyewe yupo, atwambie. Kaneza, ulimsifu Papa au ulimtukana?"

Neno lilikuwa moja tu: nilimsifu. Akilisema, Gervasi ameshindwa, Jumatatu anasoma, na mlango wa mama unabaki wazi. Mama Astérie alikuwa ameshika rozari bila kuisogeza. Kaneza alilitaka neno lile, alilitaka mpaka ulimi ukawa unalionja. Lakini akakumbuka siku ya swali lile la maji, alivyosimama kama gogo bila kumjibu mama yake ukweli wowote, na kilichofuata. Na mlango uliofunguliwa kwa uongo, kila siku utadai uongo mwingine wa kuushikilia. Aliogopa, tena sana, lakini aliinuka, akaushusha mkoba kutoka kwenye msumari.

"Sikumsifu wala sikumtukana," alisema, na sauti ile ya redio haikuwepo, ilikuwa sauti ya mtoto. "Nilikuwa namzungumzia huyu. Nisamehe, mama."

Akafungua mifuko. Watu wa mbele walirudi nyuma wakiziba pua. Gervasi alikichukua kile kipande kwa vidole viwili, akakigeuza.

"Ndiyo nini hii?"

"Ndiyo papa. Samaki wa baharini. Umeme ulikatika mnarani mkakosa neno samaki, mkasikia yaliyofuata."

"Umeme!" walisema watu kwa pamoja, kwa uchungu wa watu wanaouelewa vizuri.

Gervasi alipitisha dole gumba kwenye ngozi, ikakwaruza kama msasa. Akatoa kisu mfukoni, akakipasua kipande, akakivuta nyuzi, akatafuta mfupa kwa makini ya mtu anayetaka kuupata. Alitafuta juu, akatafuta chini. Ndipo Diana akashindwa kujizuia: "Yoo! Katekista, unamchana Papa!"

Nyumba ilipasuka. Walicheka mpaka bibi mmoja akashikilia ukuta, na Gervasi mwenyewe alijaribu kukaza uso, mashavu yakamsaliti. "Kweli hana mfupa," alisema akipangusa macho. "Basi, binti, mimi nimeridhika. Kuanzia sasa sema samaki papa, yote mawili kila mara. Na ukiona umeme umekatika, rudia mwanzo."

Ungedhani yameisha. Lakini mama mmoja wa kule mlangoni, wa wale wasioacha kidonda kipone, akasema kwa sauti ya kutosha, "Sasa Astérie, na ulituambia mwanao amerudi Kanisani?"

Kicheko kilikatika. Mama Astérie aliinuka polepole. Hakumtazama bintiye. Alikitwaa kile kipande cha papa mkononi mwa Gervasi, akatoka nacho uani, akaingia jikoni, na Kaneza akausikia mlango wa jiko ukifungwa.

Watu waliaga kwa sauti za chini. Gervasi alimshika Kaneza bega, akaenda kuchukua baiskeli yake. Kaneza akabaki. Alikuwa amepata maikrofoni yake, na haikuwa na thamani ya chochote. Alivuka ua katikati ya kuku, akasimama kama alivyozoea kusimama, mbele ya mlango uliofungwa.

"Shikamoo, mama."

Marahaba haikuja. Katika miaka yote ile marahaba haikuwahi kukosa.

"Shikamoo, mama," alirudia.

"Marahaba. Nilikuwa napuliza moto. Sukuma, haujafungwa. Unakwama tu."

Akasukuma. Mama Astérie alikuwa amechutama mbele ya sufuria ya maji ya moto, na mkononi anaivua ngozi ya papa, kwa mvuto mmoja mrefu, bila kubabaika.

"Ngozi hutoka akiwa moto," alisema bila kugeuka. "Kisha unamwaga maji, unamloweka tena, unamwaga tena. Ukiruka hapo, chumvi itakuua."

Kaneza alishikilia mwimo wa mlango. "Umejifunzia wapi, mama?"

"Ujiji. Tuliposhuka kwenye ile boti, mwanamke mmoja alitutoa mchangani akatupeleka kwake. Bi Zuhura. Mwislamu, hakuniuliza nasali wapi. Maziwa yalikuwa yamenikauka, wewe unalia bila sauti. Ndugu zake walimletea papa kutoka pwani, naye akawa ananipikia mchuzi wake kwa mawese na pilipili, ananisimamia mpaka nimalize bakuli. Maziwa yakarudi." Alimrudisha papa majini. "Wewe umemnyonya papa kabla hujajua kusema mama. Na mimi nisimjue papa?"

"Kwa hiyo Ijumaa ulijua. Ulijua ni samaki."

"Ego. Nilijua. Gervasi ndiye hakujua."

"Na ukazunguka nyumba zote ukisema nimerudi!"

"Ningekuitaje?" Mama Astérie aligeuka sasa, na macho yake yalikuwa mekundu, ukisema moshi ni sawa. "Niliufunga mlango mbele ya watu. Ningeufunguaje bila sababu? Kila siku nilitafuta sababu, sikuiona. Umeme ukanipa. Nikasema acha niseme uongo, nitaungama Jumamosi ijayo, dhambi yenyewe naijua jina. Kumbe wewe hujui kudanganya hata ukisaidiwa."

Kaneza alipiga magoti pale kwenye majivu. "Maji yako hayakuwa na kasoro, mama. Ulipouliza nilipaswa kusema hivyo, nikanyamaza. Yalitosha. Ndiyo maana niko hai."

Mama yake alilia waziwazi, mkono mmoja ukiwa bado sufuriani. "Ulokole wako bado unaniuma," alisema. "Utaniuma mpaka nife, usidhani umepona. Lakini nimechoka kuwa na mfupa, mwanangu. Umesema wale wa Lindi, wenye mifupa mikubwa, wamekwisha?"

"Wamekwisha. Isipokuwa kuku, ni wa ukoo wao."

"Kuku hawa hawa?"

"Hawa hawa."

"Yoo." Mama Astérie alichungulia nje, akawatazama kuku wake kwa heshima mpya. Kisha akafuta pua kwa kitenge. "Na wewe kipindi chako kina kosa moja, tena kubwa."

"Nitasema samaki papa, mama, nimeshamwahidi Katekista."

"Oya, si hilo. Salamu unaiweka mwisho. Umeme wenu unakatika kabla hujafika, ninakaa dirishani nasubiri, haiji. Siku nyingi haiji." Aligeuza papa ndani ya maji. "Niweke mwanzo."

Jumatatu Mzee Hamdani alisimama nyuma ya kioo cha studio akizungusha tasbihi. Kaneza hakuanza na vifo wala mbuzi. "Mugire amahoro, mama yangu," alisema, "na mama zenu." Akavuta pumzi aanze habari ya kuku na ukoo wao, na kilimani kule umeme ukakatika. Hakuna aliyesikia habari za dinosaria siku ile. Gervasi alipiga simu akilalamika. Kule Rusimbi Mama Astérie alizima redio, akaenda kuufungua mlango wa mbele, akatafuta jiwe zito uani, akauwekea usijifunge.